Bahasha Iliyoandikwa Tezi Dume

Nilikuta kikao cha msiba wangu sebuleni kwangu, na hakuna aliyenipisha kiti.

Siongei kwa mafumbo. Nimetoka duka la vifaa vya ujenzi, mkononi nina mfuko wa washa za koki, vile vipira vya kuzuia maji yasivuje, nasukuma mlango wa nyumba niliyoijenga mwenyewe, nakuta viatu vimejaa kibarazani.

Viatu vya namna ile mnavijua. Vikijaa mchana wa siku ya kazi, ama kuna posa ama kuna maiti.

Binti yangu alishaolewa zamani. Nikajua kimeumana.

Ndani mke wangu kakaa chini, macho yamevimba. Dada yangu mkubwa, mjane, kajifunga kitambaa kichwani kama mtu aliyekuja kukaa wiki nzima. Mdogo wangu wa kiume, dereva wa lori, mwanaume wa miraba minne, kainama kwenye kochi langu, machozi yanamdondokea kwenye viatu. Pembeni majirani wawili wa kike, wale ambao harufu ya msiba inawafikia kabla marehemu hajapoa.

"Nani kafa?" nikauliza.

"Jamani, nani kafa?"

Mke wangu akaangua kilio.

"Mdogo wangu," dada akasema kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia kwake tangu nizaliwe, "kaa kwanza."

"Nikae wapi? Mmejaa!"

"Majibu yako yametoka."

Akanyoosha kidole mezani. Palikuwa na bahasha ya kaki, mdomo umebanwa kwa pini. Juu yake mtu kaandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa kama za tangazo la kiwanja kinachouzwa:

TEZI DUME.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, la sivyo mtanipotea.

Mimi ni fundi bomba. Hapa mtaani jina langu la kuzaliwa walishalisahau, wananiita Mzee Koki. Nyumba nyingi mnazoziona hapa, maji yake yamepita mikononi mwangu. Nina mashine yangu ya kuchonga mabomba, nina spana zangu, nina wateja wangu. Sina bosi.

Sasa, miaka miwili iliyopita mkojo ukaanza kunitesa. Unatoka kwa matone. Nasimama chooni mpaka mke wangu anagonga mlango kuuliza kama nimelala humo. Nikitoka, nageuka, narudi tena.

Watani wangu wakajua. Nani aliwaambia sijui, lakini mtaa hauna siri.

"Fundi anazibua mtaa mzima, koki yake mwenyewe imemshinda!"

Nilicheka nao. Ningefanyaje? Lakini siku moja ikagoma kabisa. Hata tone. Tumbo likajaa, jasho likanitoka, nikapelekwa hospitali nikiwa nimejikunja kiti cha nyuma, nalia kama mtoto anayeota meno.

Wakaniwekea mpira. Ndugu zangu, yule aliyegundua mpira wa mkojo popote alipo, Mungu ampe kheri.

Daktari, mwanamke wa umri wa binti yangu, akanieleza. Kwamba chini ya kibofu kuna tezi, ndogo tu, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Mwanaume akizeeka, tezi inanenepa, inabana ile njia. Kwamba wataingia kupitia njia ileile ya mkojo, bila kupasua tumbo, waikwangue kwa ndani. Nikamwelewa haraka kuliko alivyotegemea. Bomba limebanwa, unalifungua. Hiyo si kazi yangu?

Wakakwangua. Vile vipande vya nyama wakavipeleka maabara, viangaliwe kwa darubini.

"Urudi kuchukua majibu, mzee wangu," daktari akasisitiza. "Usikose."

Mpira ukatolewa. Nikaenda chooni, nikasimama, nikakojoa. Nikasikia na sauti yake. Nilitoka chooni natabasamu peke yangu, mke wangu akadhani nimechanganyikiwa.

Majibu? Majibu ya nini tena wakati maji yanatoka?

Dada yangu ana presha, huwa anaenda kliniki kwenye hospitali hiyohiyo. Nikampa kadi yangu. "Ukipita, nichukulie na hayo makaratasi yao."

Basi. Ndiyo hiyo bahasha mezani.

Nikaiinua. Pini iko palepale, haijaguswa.

"Nani kaifungua?"

Wakatazamana.

"Nauliza, nani kaisoma?"

"Isomwe nini tena?" dada akapandisha. "Si imeandikwa hapo juu! Tezi dume! Ulitaka wakuchoree na kaburi?"

"Dada, nilipasuliwa wapi?"

"Si tezi dume!"

"Sasa walitakiwa waandike goti?"

Jirani mmoja akaguna.

Hapo nikawaka. Nimekaa hospitali nimekatwakatwa, nimevuja damu, nimevumilia mpira, nimerudi mzima, halafu watu wananililia kwa sababu karani wa dirishani kaandika jina la kiungo juu ya bahasha asije akachanganya majibu ya matiti na ya shingo! Muuza nyama akiandika "maini" kwenye mfuko wako, utasema ng'ombe alikuwa mgonjwa?

"Mnalilia bahasha!" nikawapigia kelele. "Bahasha iliyofungwa!"

"Usipaze sauti, utajichosha," mke wangu akasema huku analia.

Na hili niliseme, maana linanikera mpaka leo. Sisi na Kiswahili chetu tumeharibu jina la kiungo cha watu. "Mzee fulani ana tezi dume." "Fulani kafa kwa tezi dume." Kila mwanaume anayo! Kuniambia nina tezi dume ni sawa na kuniambia nina pua. Tezi ikinenepa, tunasema tezi dume. Ikivimba kwa maambukizi, tezi dume. Ikiota saratani, tezi dume. Neno moja tumelibebesha mizigo yote, halafu mtu akilisikia anakimbilia kuulizia bei ya turubai.

Binti yangu akaingia wakati huo, chaki bado iko vidoleni. Ni mwalimu. Walishampigia simu katikati ya kipindi wakamwambia "njoo nyumbani" bila maelezo, kwa hiyo naye alifika anatetemeka.

"Baba!" Akanikumbatia kama nimetoka kuzama.

"Niko hai. Soma hii."

Akatoa pini. Karatasi zenyewe za kizungu, tena kizungu cha madaktari. Akawa anasoma mstari, anauliza simu yake, anarudi kwenye mstari.

"Vipande vya tezi dume..."

Mke wangu akashika kifua.

"Mama, subiri. Vipande vya tezi dume vinaonyesha... ukuaji wa kawaida wa uzee. Si saratani. Na kuna kuvimba kwa muda mrefu."

"Kuvimba!" dada akaruka.

"Shangazi, ni kuvimba tu. Kama kidole kikibanwa na mlango. Si saratani, wameandika wenyewe hapa."

Sikungoja zaidi. Nilipiga kofi moja la mikono, paka akatoka chini ya meza.

"Mmesikia? Mmesikia wote?"

"Baba, kuna na ukurasa wa..."

"Inatosha!"

"Lakini baba, nyuma huku..."

"Nimesema inatosha. Huko nyuma ni mihuri na sahihi zao." Nikamnyang'anya karatasi, nikazikunja, nikazitia mfuko wa shati. "Kikao kimefungwa. Marehemu kafufuka. Chukueni viatu vyenu."

Majirani walitoka bila kuaga. Msiba ulikuwa umewaponyoka.

Mdogo wangu alipoinuka, nikamfuata mpaka nje. Nikachungulia nyuma ya lori lake. Mashine yangu ya kuchonga mabomba imefungwa kamba, tayari kwa safari!

"Hii nini?"

"Nilikuwa naihifadhi, kaka. Watu wangejaa hapa, isije ikaibiwa."

"Ishushe."

Akaishusha. Hakubisha, hakujitetea. Machozi yalikuwa bado yanamtoka, na mimi kwa hasira zangu nikaona analilia mashine.

Nilidhani yameisha. Wapi!

Habari ilishatembea. Kesho yake mtaani watu wananisalimia kwa mikono miwili. Muuza mkaa, ambaye kwa kawaida ananitania mpaka nakimbia, akaniita "mzee wetu" na kunitazama kwa huruma. Mama mwenye nyumba ya wageni, mteja wangu wa miaka, nikamkuta ameshamwita fundi mwingine kwenye bafu zake.

"Nilisikia unaumwa, nikaona nisikusumbue," akasema anaangalia pembeni.

"Naumwa nini?"

"Si... hiyo."

"Hiyo ipi? Itaje."

Hakuitaja.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi nikavuka mpaka. Muuzaji alimnong'oneza mteja, nikamsikia. Nikagonga kaunta.

"Wewe! Unasema nina tezi dume?"

"Mzee Koki, mimi sija..."

"Na wewe unayo!"

Akaruka nyuma kama kamwona nyoka, mkono mmoja kwenye zipu.

"Na wewe unayo," nikamwambia mteja. "Na yule mpakizi pale nje anayo. Duka zima mna tezi dume! Tofauti yetu ni kwamba yangu imeshakwanguliwa na imepimwa, ni safi. Zenu nani anajua?"

Nikatoka kifua mbele. Nawaambia ukweli, nilijiona shujaa.

Nikaamua jambo hili nilimalize kabisa. Tarehe ya kumwona daktari ilikuwa karibu. Nikamwambia dada: "Tunaenda wote. Uingie chumba cha daktari, usikie kwa masikio yako, ukitoka hapo uzunguke nyumba ulizozitangazia msiba, utangaze na ufufuko."

"Nitakuja," akajibu. Hata hakugombana. Nikashangaa.

Tukakaa kwenye benchi la korido. Mbele yetu wanaume tupu, wa rika langu, kila mmoja kashika mfuko wake, kila mmoja anaangalia ukuta. Hakuna anayemsemesha mwenzake. Ungedhani wamekamatwa wizi.

"Shemeji yako naye alikaa hapa," dada akasema ghafla.

Shemeji, mumewe, alifariki miaka kadhaa iliyopita. Tuliambiwa mgongo.

"Hapa?"

"Benchi kama hili. Naye walimkwangua. Akarudi nyumbani anakojoa vizuri, furaha tupu. Nikamwambia, baba, kachukue majibu. Akasema yanini, mimi nimeshapona. Nikamwambia tena. Akasema inatosha, mwanamke, unanichuria." Alikuwa anakunja na kukunjua mpini wa mkoba wake. "Mgongo ulipoanza, tulidhani ni kubeba magunia. Tuliporudi hapa, majibu yake yalikuwa bado yapo dirishani. Yalikuwa yanamsubiri muda wote ule."

Nikausogeza mfuko wangu, nikamkaribia.

"Kwa hiyo nilipoona ile kalamu nyekundu, mdogo wangu, ni kweli akili iliniruka. Nicheke, nimestahili. Lakini mimi siogopi neno tezi dume. Naogopa mwanaume akisema inatosha."

Tukaitwa.

Daktari alitusalimia vizuri. Akapokea karatasi zangu zilizokunjamana, akazinyoosha mezani kwa kiganja. Akasoma ukurasa wa kwanza, akatikisa kichwa kukubali. Nikamtazama dada kwa jicho la "umeona?"

Daktari akageuza.

Akasoma. Akarudia kusoma.

"Mzee wangu, huu ukurasa wa pili mliusoma?"

Nikaangalia mfuko wa shati langu.

"Vipande vyako vilikuwa vingi, viliwekwa kwenye vikopo viwili," akasema taratibu. "Ukurasa wa kwanza ni kikopo cha kwanza, huko ni ukuaji wa kawaida tu. Wa pili ni kikopo cha pili. Na humo, kwenye vipande vichache, wameona chembe za saratani."

Niliogopa. Sitawadanganya, nimeandika haya kuwaambia ukweli. Mimi niliyegonga kaunta, niliyefukuza watu kwangu, nilishika meza ya daktari kwa mikono miwili. Nilitaka kuuliza kitu, sikukiona kichwani.

Nikasubiri dada aangue kilio. Kama alililia bahasha, kwa hili si angepasua vioo?

Hakulia.

Akasogeza kiti mbele, akaweka mkoba chini.

"Daktari, ni nyingi kiasi gani?"

"Kidogo sana, mama. Haifiki hata asilimia tano ya nyama yote tuliyotoa."

"Kali?"

"La, daraja la chini kabisa. Madaraja ni matano, hii ni la kwanza. Aina hii inakua polepole mno."

"Imetoka nje ya tezi?"

"Kipimo cha damu cha tezi tulichomchukua kiko chini, hakuna dalili hiyo. Tutampiga picha tuhakikishe."

"Mtampasua tena?"

"Kwa sasa hapana. Tutaichunga. Damu kila baada ya miezi kadhaa, tuone inakwenda wapi. Ikibadilika, tutaiwahi, dawa zipo."

"Na ile iliyobaki? Si mlikwangua ndani tu?"

Daktari akamtazama dada kwa heshima. "Umeuliza vizuri. Watu wengi hawajui. Hatukutoa tezi yote, ganda limebaki. Hata mwenye majibu safi kabisa lazima aendelee kupima."

Dada aliuliza yote. Yalimtoka kwa mpangilio, moja baada ya jingine, hakurudia, hakusita. Ndipo nikaelewa kwamba maswali yale aliyatengeneza zamani, kwa ajili ya mtu mwingine, na hakupata pa kuyauliza. Machozi yalinilenga hapo, si kwa ajili ya saratani.

"Daktari," nikajikaza, "nitakufa?"

"Utakufa, mzee wangu. Hata mimi nitakufa. Lakini ukifuatilia, kuna uwezekano mkubwa ukafa uzee na hii ukaiacha humohumo, haijakufanya kitu."

"Kwa hiyo bado nina tezi dume."

"Unayo."

Dada akacheka. Kicheko chenyewe kilimtoka vibaya, kupitia puani, akaziba mdomo kwa kitambaa. Halafu akanigeukia.

"Wewe kila ukizibua bomba la mtu, unamwonyesha uchafu uliotoka. 'Angalia mama, tatizo lako hili hapa.' Uchafu wako mwenyewe umeukunja mfukoni!"

Nilistahili.

Tulipoaga, daktari akaniuliza kama nina ndugu wa kiume. Nikamwambia ninaye mmoja, mdogo wangu. "Mwambie naye apime. Hii huwa inatembea kwenye damu ya familia."

Njiani nilikuwa na njia mbili. Nilishautangazia mtaa kwamba ni safi. Ningeweza kunyamaza. Dada asingesema, alishaapa. Nani angejua?

Lakini nikafikiria lile benchi, wanaume wanaangalia ukuta. Nikasema hapana. Si mimi. Mimi sina cha kuonea aibu, sikuiba nyama ya mtu.

Nilianza na mke wangu. Nilimkalisha, nikamweleza kikopo cha kwanza, kikopo cha pili, daraja la kwanza. Nikamwambia: "Ukilia, lia leo. Kesho nataka unikumbushe tarehe ya damu." Alilia kidogo, akainuka, akaizungushia duara tarehe kwenye kalenda ya ukutani.

Kesho yake nikaenda duka la vifaa vya ujenzi, saa ya watu wengi.

"Jamani, juzi nilisema majibu yangu ni safi. Nilisoma nusu. Nina saratani. Ndogo, inachungwa, daktari wangu anaijua na mimi naijua. Sasa mnayo habari yenyewe, haina haja ya kunong'ona. Mwenye koki inayovuja aniite."

Mama wa nyumba ya wageni alikuwepo, ananunua balbu.

"Mzee Koki, kazi utaweza kweli?"

"Kwani koki natengeneza kwa tezi dume?"

Aliyeanza kucheka ni mpakizi wa nje. Halafu muuzaji. Halafu yule mama mwenyewe, mpaka akaegemea mifuko ya saruji. Bafu zake amenirudishia, yule fundi mwingine alimfungia koki ya moto upande wa baridi.

Akabaki mdogo wangu.

Nilimkuta yadi ya malori, anabadilisha tairi. Sikuzunguka.

"Daktari kasema na wewe ukapime."

"Mimi mzima, kaka." Hakuinua kichwa. "Nakojoa vizuri kabisa."

"Tangu lini?"

Sijui kwa nini niliuliza hivyo. Mtu akikwambia anakojoa vizuri huwezi kumuuliza tangu lini. Lakini spana ilimsimama mkononi.

"Tangu lini?" nikarudia.

"Tangu mwaka jana."

Akaketi juu ya tairi. Yule mwanaume wa miraba minne akaonekana mdogo.

"Nilishakwanguliwa, kaka. Ile mara nilisema lori limeharibika safarini, nimekwama njiani. Nilikuwa hospitali ya huko."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Mtaa mzima ulikuwa unakucheka wewe. Na mimi nilikuwa nacheka nao."

"Majibu yako yalisemaje?"

Akaanza kuchezea nati za tairi.

"Mdogo wangu, majibu yako yalisemaje?"

"Sikuyafuata. Yalipotoka maji nikajua nimepona." Akajifuta uso kwa mkono wenye grisi, ikabaki mstari mweusi shavuni. "Mpaka siku ile, nilipoona bahasha yako mezani. Nikajua na yangu ipo mahali. Imeandikwa vilevile."

Kumbe yale machozi sebuleni hayakuwa yangu. Mwenzangu alikuwa amekaa kwenye kochi langu analia msiba wake mwenyewe, na mimi namfokea habari za mashine.

"Washa lori," nikamwambia.

"Nina mzigo kesho, kaka."

"Washa."

"Wiki ijayo. Naapa."

Nikapanda kiti cha abiria, nikafunga mlango, nikafunga na mkanda. "Sishuki. Utapakia mzigo na mimi humu, utapakua na mimi humu. Nimezaliwa kabla yako, ukaidi niliukuta stoo nikauchukua wote."

Tulisafiri kesho yake. Dada alikaa katikati yetu na maswali yake. Binti yangu aliomba ruhusa shuleni, akaja na kamusi, simu haiamini tena. Karani wa hospitali ile alitafuta bahasha muda mrefu, akaileta anaipuliza vumbi. Mdogo wangu aliishika, mikono yote miwili, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama tukiwa watoto, akitaka nimtangulie gizani.

"Tuko hapa," nikamwambia.

Binti akaifungua. Tukasoma, wanne tumeinamia karatasi moja kwenye benchi la watu. Tukasoma mbele, tukasoma nyuma, mpaka chini ya sahihi. Halafu tukaenda kumgongea daktari mlango.

Najua mnachotaka kuuliza. Tayari naona vidole vyenu viko tayari kuandika: majibu ya mdogo wako yalisemaje?

Hayo ni yake. Akitaka atawasimulia mwenyewe.

Wewe nenda kachukue ya kwako.